Kirekodi, kisanduku cha USB au bodi ya kujijengea: mfumo upi wa kukusanya data unafaa kazi yako?

Meneja wa kituo cha kukusanyia maziwa Mbarara anataka kujua joto la tangi usiku kucha. Mwenye kinu cha mahindi Kisenyi, Kampala, anataka kujua kwa nini mota yake inaungua kila baada ya miezi michache. Mtu wa tatu, Jinja, anataka kufuatilia mvua na kina cha maji mahali pasipo na nguzo ya umeme. Wote watatu wakiuliza dukani au wakitafuta mtandaoni, wataonyeshwa bidhaa zilezile, zimepangwa kwa idadi ya biti na bei. Mpangilio huo umewapotezea watu fedha nyingi.

Mimi huanza na kitu chenyewe kinachopimwa, kisha waya unaotoka kwake, kisha mahali kifaa kitakapokaa na mtu atakayekiangalia. Biti huja baada ya hapo. Na kwa hapa kwetu, jambo la umeme na radi lina uzito kuliko kurasa zote za sifa za kifaa.

Nitalinganisha aina tatu. Kirekodi data ni kisanduku kinachojitegemea: kina betri yake, saa yake na kumbukumbu yake. Kisanduku cha USB hupima vizuri na haraka, ila hakifanyi lolote bila kompyuta. Ya tatu ni bodi ya kujijengea, yaani Arduino, ESP32 na ndugu zao, ambayo wewe mwenyewe unaiandikia programu. Kiwanda kikubwa kina njia ya nne, PLC, yaani kompyuta ya kuendeshea mitambo, nayo nitaigusa inapohitajika.

Kinachotokea ndani

Kazi ya ndani ni ileile kwa zote. Kihisi hugeuza joto, shinikizo au mtikisiko kuwa umeme: volti, mkondo au badiliko la ukinzani. Umeme huo mara nyingi ni mdogo mno, tena umechanganyika na kelele za nyaya za jirani, kwa hiyo hukuzwa na kuchujwa. Kisha kigeuzi hupima volti hiyo mara kwa mara na kuiandika kwa namba, na namba huhifadhiwa au kutumwa. Kosa lililoingia kwenye kihisi au kwenye waya haliondolewi na hatua zinazofuata, hata kigeuzi kiwe bora kiasi gani.

Sasa biti, zinazosema kigeuzi kinaweza kutofautisha ngazi ngapi. Kigeuzi cha biti 10 kina ngazi 1,024, cha biti 12 kina 4,096, cha biti 16 kina 65,536. Wengi huishia hapo na kununua yenye namba kubwa. Lakini ngazi hizo zimetandazwa juu ya masafa fulani ya volti, na masafa ndiyo yanayoamua. Arduino Uno ya R3 ina biti 10 kati ya volti 0 na 5, hivyo ngazi moja ni karibu milivolti 4.9. Chukua kisanduku cha USB, USB-6008 ya National Instruments, yenye biti 12, uiweke kwenye masafa ya volti −10 hadi +10. Gawanya volti 20 kwa ngazi 4,096: milivolti 4.9. Kifaa cha bei ya juu mara nyingi zaidi kimekupa ngazi sawa na bodi ndogo ya mwanafunzi, kwa sababu masafa yake ni mapana mara nne. Kibane hadi volti −1 na +1, ngazi inashuka hadi karibu nusu milivolti, na hapo tofauti ya bei inaanza kuonekana. Kwa hiyo muuzaji akitaja biti, muulize papo hapo: katika masafa gani?

Umuhimu wa jambo hili unaonekana kwenye themokapo, kihisi cha joto cha nyaya mbili za metali tofauti. Ile ya aina ya K, inayotumika kwenye matanuri na vikaushio, hutoa karibu mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye Arduino Uno, ngazi moja ya kigeuzi ni sawa na nyuzi karibu 119. Tanuri litaonekana limetulia, kumbe linapanda. Chipu ya kigeuzi ya ADS1115 yenye biti 16, ikiwekwa kwenye masafa yake madogo kabisa ya ±0.256 volti, ina ngazi ya mikrovolti 7.8, yaani karibu nyuzi 0.2. Bodi ileile, kwa nyongeza ndogo ya bei, imekuwa kifaa kingine.

Bado kuna jambo la pili. Themokapo hupima tofauti ya joto kati ya ncha yake na mahali inapofungwa kwenye kifaa, kwa hiyo kifaa lazima kijue pia joto la pale kwenye skrubu. Kirekodi kilichotengenezwa kwa ajili ya themokapo hufanya hesabu hiyo chenyewe. Kwenye bodi ya kujijengea, chipu ya MAX31855 hukufanyia hesabu hiyo na kukupa joto moja kwa moja kwa hatua za nyuzi 0.25. USB-6008 haikufanyii, utahitaji kikuza ishara cha nje na kihisi kingine cha joto pale kwenye viungo.

Tangi la maziwa: kazi ya polepole

Maziwa hupozwa hadi nyuzi 4 hivi, na tangi la lita mamia kadhaa halibadiliki joto kwa sekunde. Kipimo kimoja kila dakika kinatosha kabisa. Kasi hapa haina faida yoyote. Kinachotakiwa ni kutokosa usiku hata mmoja.

Kisanduku cha USB kinaanguka mapema kwenye kazi hii. Kinataka kompyuta mpakato iwake usiku kucha kwenye chumba chenye maji sakafuni. Umeme ukikatika na betri ikaisha, rekodi inakatika saa ileile uliyotaka kuiona, kwa sababu joto la tangi hupanda umeme unapokatika. Kompyuta nayo ina mambo yake: hulala, hujisasisha, hujiwasha upya.

Kirekodi kinachojitegemea kinashinda hapa bila ubishi. Vile vidogo, kama HOBO vya Onset, hukaa miezi mingi kwa betri, na data unaichukua kwa simu au kwa kebo. Bodi ya kujijengea inaweza kazi hii pia, ikiwa utaiongezea chipu ya saa yenye betri yake, kadi ya memori, na betri ya kuibeba umeme ukikatika. Ukiacha chipu ya saa, bodi ikizima na kuwaka tena haijui ni saa ngapi, na namba zako zote zinapoteza maana.

Lakini tatizo kubwa la tangi liko kwenye waya. Kihisi cha joto cha PT100 kina omu 100 kwenye nyuzi 0 na hupanda karibu omu 0.39 kwa kila nyuzi. Tuseme fundi amekivuta mita 20 hadi ofisini kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, nyaya mbili tu. Kwenda na kurudi ni mita 40. Waya huo una ukinzani wa karibu omu 0.034 kwa mita, jumla omu 1.4. Kifaa hakiwezi kutofautisha ukinzani wa waya na wa kihisi, hivyo kinaongeza nyuzi 3.6 juu ya joto halisi. Tangi liko kwenye nyuzi 4, ofisini panasomeka 7.6, na meneja anamwita fundi wa friji aje kuongeza gesi kwenye mtambo mzima kabisa. Nyaya tatu au nne kwenye PT100 huondoa kosa hili, mradi kifaa kiwe na viungo vya kuzipokea. Angalia hilo kabla ya kuangalia biti. Au tumia kihisi cha kidijitali kama DS18B20, ambacho hutuma namba tayari na hakijali ukinzani wa waya. Usahihi wake ni ±0.5 nyuzi kati ya −10 na 85, unaotosha kwa maziwa. Nakala zake zisizotoka kwa mtengenezaji zimejaa sokoni, kwa hiyo kila kimoja kijaribiwe kabla ya kufungwa.

Kwa friji ya chanjo, inayotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, nina msimamo mmoja: usijijengee. Kuna virekodi vilivyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani kwa kazi hiyo, vyenye kengele na rekodi ya siku 30. Chanjo iliyoganda haionekani kwa macho kuwa imeharibika, na mtoto atakayechomwa hana namna ya kujua.

Mota ya kinu: kazi ya haraka

Hapa mambo yanageuka kabisa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani wimbi moja huchukua milisekunde 20. Mota inapowashwa, kwa sekunde chache huvuta mkondo mara tano hadi nane ya ule wa kawaida. Kirekodi kinachoandika mara moja kwa dakika kitaiona mota ikiwa imetulia, na uwashaji wote utakipita. Ukitazama rekodi yake utaapa mota haina tatizo.

Kanuni ni kwamba uchukue sampuli kwa kasi inayozidi mara mbili ya wimbi la haraka zaidi lililomo. Ukitaka kuona umbo la wimbi, chukua mara kumi au zaidi. Ukienda chini ya hapo hupati picha hafifu tu, unapata picha ya uongo: wimbi la hezi 50 likichukuliwa sampuli 49 kwa sekunde litaonekana kama wimbi la polepole la hezi 1, safi kabisa, ambalo halipo duniani. Hakuna programu itakayoliondoa baadaye. Kichujio lazima kiwe kabla ya kigeuzi.

Kisanduku cha USB ndicho chenye nafasi yake hapa. USB-6008 huchukua sampuli 10,000 kwa sekunde, lakini namba hiyo ni ya njia zote za kuingizia ishara kwa pamoja, maana ndani kuna kigeuzi kimoja kinachozungukia njia moja baada ya nyingine. Mota ya fezi tatu, ukipima volti tatu na mikondo mitatu, ni njia sita: sampuli 1,666 kila njia, au 33 kwa kila wimbi. Zinatosha kuuona uwashaji vizuri sana. Ila kati ya njia moja na inayofuata hupita mikrosekunde 100, ambazo kwenye hezi 50 ni digrii 1.8 za fezi. Kwa kupima ampia tu haidhuru. Kwa kupima kipengele cha nguvu, ambacho hutokana na pembe kati ya volti na mkondo, kosa hilo linaingia moja kwa moja kwenye jibu, na ni heri kifaa kinachopima njia zote kwa wakati mmoja au kichambuzi cha umeme kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Arduino Uno inasoma mara moja kwa mikrosekunde 100 hivi, kwa hiyo kwenye karatasi inalingana na kisanduku. Tatizo ni kuzitoa namba hizo nje. Kwa kasi ya kawaida ya 115,200 kwenye kebo, hupita herufi karibu 11,500 kwa sekunde, na kila kipimo kikiandikwa kwa herufi tano au sita unabaki na vipimo takribani 2,000 kwa sekunde. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 2 tu, kwa hiyo haiwezi kuzihifadhi kwanza. Kwa njia moja inatosha kumwonyesha mwanafunzi wimbi. Kwa njia sita, hapana. Mwalimu wa sekondari anayetaka darasa lione mchoro ukijichora asisite kuichukua hii. Tena wanafunzi watajifunza mengi kwa kuiunga wenyewe kuliko kwa kutazama kisanduku kilichofungwa.

Onyo moja, nalisema kwa uzito wote. Usiunge kamwe volti 240 au 415 kwenye kisanduku cha USB au bodi, hata kupitia rezista za kugawa volti, kama huna kitenganishi kati yao. Waya wa sifuri (ground) wa USB umeungana na bodi ya kompyuta yako na, kupitia chaja, unaweza kuungana na athi ya jengo. Tumia kibanio cha kupimia mkondo, na kwa volti tumia transfoma ndogo. Waya wa kinu haukupi nafasi ya pili.

Ukitaka kusikiliza beringi, kisanduku cha kawaida hakitoshi. Mitikisiko ya beringi inayoanza kuharibika hufika maelfu ya hezi, nawe unahitaji moduli ya biti 24 yenye kichujio chake na umeme wa kulisha kihisi, inayochukua sampuli makumi ya maelfu kwa sekunde kwa kila njia. Kwa karakana moja, kumwita mtaalamu mwenye kifaa hicho ni rahisi kuliko kukinunua.

Mvua na maji ziwani: kazi ya miaka

Usawa wa maji ya Ziwa Victoria umekuwa ukipimwa tangu 1896. Thamani ya rekodi ile iko kwenye kutokatika kwake kuliko kwenye usahihi wa kila kipimo kimoja. Anayefunga kifaa nje leo ajiulize kama mtu mwingine ataweza kukiendeleza baada yake.

Kirekodi cha vituo vya hali ya hewa, mfano wa CR1000X ya Campbell Scientific, kimetengenezwa kwa kazi hii: volti 12 kutoka betri na sola, usingizi kati ya kipimo na kipimo, kigeuzi cha biti 24, na uwezo wa kufanya kazi hata sanduku likipata joto la nyuzi 70 juani. Bei yake bila vihisi inazidi dola elfu moja. Kisanduku cha USB hapa hakistahili hata kujadiliwa.

Bodi ya kujijengea inastahili, na ushahidi uko Kampala. AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere wa kupima uchafuzi wa hewa, imejenga vipima hewa vyake yenyewe kwa vihisi vya bei nafuu, vinavyotuma data kwa mtandao wa simu, na vingine vimefungwa hata kwenye bodaboda. Mradi wa WIMEA-ICT, Makerere pia, ulisanifu vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha. Lakini tazama kilichowapa nguvu: vipima vya AirQo hulinganishwa na mtambo wa rejea uliowekwa mahali pamoja navyo, na kuna timu inayofuatilia kila kifaa kinachonyamaza. Ukiwa na bodi bila timu, una mradi wa miezi michache.

Kwa wanaochagua ESP32 kwa sababu ya Wi-Fi yake: kigeuzi chake cha ndani hakinyooki karibu na mwanzo na mwisho wa masafa, na pini za kundi la ADC2 hazisomi Wi-Fi ikiwa imewashwa. Weka ADS1115 pembeni na uache kigeuzi cha ndani kwa kuangalia betri tu.

Radi, athi na waya mrefu

Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na haihitaji kupiga kifaa chako. Ikipiga karibu, waya mrefu hupokea volti za kutosha kuua kigeuzi. Hapa tofauti ya aina tatu ni kubwa. Virekodi vizuri huja na kinga kwenye kila njia na skrubu ya athi, na skrubu hiyo lazima iungwe kwenye fimbo iliyozikwa ardhini. Visanduku vya USB vya bei ya chini na bodi za kujijengea havina kinga ya namna hiyo. Kinga utaiongeza mwenyewe, na kifaa cha akiba ukiweke kabatini.

Waya ukizidi mita kumi hivi, achana na kutuma volti. Tumia kihisi cha miliampia 4 hadi 20: ukinzani wa waya hauathiri mkondo, rezista ya omu 250 upande wa kifaa hukupa volti 1 hadi 5, na waya ukikatwa unasoma 0, ambayo si kipimo halali, hivyo unajua mara moja. Kihisi cha volti 0 hadi 10 kikikatika waya, sifuri yake inafanana na tangi tupu. Kwa umbali mkubwa zaidi, mawasiliano ya waya ya RS-485 hutuma namba kwa kidijitali hadi mita 1,200. Viwanda vya sukari na saruji hutumia njia hizi kupitia PLC zao, na kama kiwandani kwako PLC ipo na ina viungo vilivyobaki wazi, anza kuuliza hapo kabla ya kununua kitu kipya.

Bei

Bodi ni makumi ya dola, kisanduku cha USB ni mamia, kirekodi cha nje kamili na vihisi ni maelfu. Virekodi vidogo vya joto viko karibu na bodi kuliko watu wanavyodhani, ukihesabu saa za kuandika programu na safari za kurudi kurekebisha. Ongeza gharama ya programu: baadhi ya visanduku vinahitaji leseni ya kulipia, vingine unavisoma bure kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Na sharti langu la kwanza kwa muuzaji ni kwamba data itoke kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi ya kawaida, bila kupitia tovuti yake. Ukilipa kwa mwaka ili kusoma vipimo vyako mwenyewe, siku usipolipa umevipoteza.

Kabla ya kulipa

Kipimo kitakachotumika kwenye biashara au ripoti rasmi kipelekwe kwenye kalibresheni, na Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lina maabara ya kazi hiyo. Kwa mengine, jaribio la kwanza unalifanya mezani. Ponda barafu ya maji safi, ijaze kwenye chupa ya chai, mimina maji baridi hadi yazibe nafasi, koroga, subiri dakika chache, kisha tumbukiza kihisi bila kugusa ukuta wa chupa. Kinapaswa kusoma 0. Jaribu kwa waya uleule mrefu utakaoutumia, umefungwa kwenye kifaa kilekile, siyo kwa waya mfupi wa dukani.

Kisha maji yanayochemka. Hapa wengi hurekebisha kifaa kisome 100, na kwa kufanya hivyo wanakiharibu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale ni karibu 94. Kifaa kinachosoma 96 Kampala kiko sawa, kiache. Baada ya hapo kiwashe usiku mzima mahali kitakapofungwa, jenereta na mashine zote zikiwaka kama kawaida, na asubuhi fungua faili uone kama kuna saa iliyokosekana.